Mizizi ya Juu ya Mawingu

Nyumbani kwa Mama Tecla,
Kapsoit, Kericho.
Jumanne, 11 Novemba 1997

Mpendwa dada yangu Eddah,

Nakusalimu wewe na wote walio chini ya paa lako hapo Ahero. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya, na nyumba ikiwa kavu, maana redio inasema mvua hii ya El Nino imeufikisha mto Nyando mahali ambapo haukufika kwa miaka mingi. Macho yako je? Yule daktari wa macho aliyeahidi kuja amefika, au barabara imemzuia? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto na uhaba wa usingizi. Najua kwamba Nelvine ndiye anayekusomea. Namsalimu naye na kumpongeza kwa mtoto. Nelvine, mwanangu, soma polepole, wala usiruke mstari hata ukiona mjomba wako amezidisha maneno.

Barua yenu ya mwezi uliopita nimeisoma hadi mikunjo imeanza kukatika. Mnasema mtoto analia tangu jua linapozama, kwamba kina mama wa hapo wamemtajia majina ya marehemu wetu mmoja mmoja, kama desturi yetu ilivyo, wakingoja lile litakalomnyamazisha, na hakuna lililomnyamazisha. Unasema, Eddah, kwamba umekataza jina la marehemu mumeo Jonah lisitajwe mbele yake. Uliandikisha maneno haya: mtu aliyependa ng'ombe wawili kuliko mke na binti hana ruhusa ya kurudi nyumbani kwa mlango wa mtoto. Na ubatizo ni tarehe ishirini na tatu. Nitayarudia hayo. Kwanza nikueleze habari za hapa, kwa sababu habari za hapa na za huko zimefungwa kwa kamba moja.

Mambo yalianza wiki ya mwisho ya Oktoba. Mvua ya alasiri ilikuwa imepita na kutelemkia kwenu, na kufikia saa mbili usiku anga ya hapa ilikuwa safi, nyota zote nje. Kutoka ua wa Mama Tecla, ambaye amenipangishia chumba mwaka wa tano huu, unaona bonde lote la chini hadi upande wa ziwa. Dhoruba ilikuwa imesimama huko, juu ya vichwa vyenu hasa, ikiwaka ndani kwa ndani kama taa ya chemli iliyofunikwa blanketi. Mara radi kubwa ikapiga, na juu ya wingu, juu kabisa, mahali penye nyota tupu, kukatokea mwanga mwekundu wenye mizizi. Wekundu ulikuwa juu, na mizizi ikaning'inia kuelekea chini, rangi yake bluu iliyokaribia zambarau. Usingekuwa umeinua macho wakati huo usingeona kitu, maana haukukaa hata muda wa kupepesa jicho. Wala haukuwa na sauti.

Mimi nilikuwa nimeuona zamani. Utakumbuka kwamba kabla sijapewa kazi ya kupima mvua, nilikuwa katika kikosi cha roketi pale kampuni ya chai. Wingu la mvua ya mawe lilipokuja kutoka Nandi, sisi tulilirushia roketi ili mawe yapasuke na kuwa maji kabla hayajachanachana majani. Jioni moja ya mwaka 1968, mimi na Kipkurui wa Silibwet tulikuwa tukifunika mitambo tulipoiona hiyo mizizi, mbali juu ya ziwa. Kipkurui alisema inafanana na kichaka cha chai kilichong'olewa kikatikiswa udongo, na tangu hapo tukaiita mizizi. Tulipomweleza bwana mkubwa, aliandika katika daftari lake, akatusomea alichoandika: wafanyakazi wawili wapunguziwe pombe ya busaa.

Kwa hiyo mimi sikuogopa mwanga. Niliogopa nilichokisikia kesho yake.

Dorcus, yule mama wa Nyakach anayeuza dagaa wa omena hapa sokoni, na ambaye chumba chake kinapakana na changu, alikuja asubuhi kabla sijapima mvua katika kopo langu. Alifunga mlango nyuma yake. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wetu wote wameona, na wote wamejua: zile ni roketi za zamani za mawe, zimetolewa stoo, zinarushwa kutoka milimani ili wenyeji waitane kutuvamia. Akasema mwaka huu ni wa uchaguzi kama ule wa 1992, na hahitaji kuchorewa ramani. Nikamwambia roketi hupanda, haining'inii. Akanijibu kwamba yeye si mtu wa kupima urefu wa vitu vinavyokuja kumuua.

Mchana wa siku hiyo hiyo, Kiptum, kijana wa Mama Tecla, alikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani chai na wenzake wa rika. Nilipita na gazeti langu. Kisha mmoja akaniuliza, kwa lile tabasamu ambalo halifiki machoni, kama watu wangu wa ziwani wameanza kuwasha ishara. Kiptum, ambaye huniletea maziwa ya mursik kila Jumapili na kunitania kwamba naumeza kama dawa ya minyoo, siku hiyo aliangalia chini. Nikaelewa kwamba wao pia hawakulala. Mwanga ulikuwa mmoja. Huku ukasomwa kuwa sisi tunajiandaa, huku ukasomwa kuwa wao wanajiandaa, na kila upande ukatoa panga mlangoni ukaliweka chini ya kitanda.

Eddah, sijawahi kuogopa hivyo tangu mwaka wa 1992. Ulikuwa woga wa kuona kitu kikubwa kikivingirika kuja, na wewe ndiye unayejua kwamba hakina uzito wowote, na huna ulimi wa kukisema.

Jumamosi alikuja Chepchirchir, binti mkubwa wa Mama Tecla, anayefundisha fizikia shule ya wasichana kule Londiani. Nilimchorea mizizi kwenye karatasi. Akasema kwa heshima yake ya kila siku, "Mzee, hii umeitoa wapi?" Alikuwa na nakala ya makala kutoka jarida la kigeni, aliyopewa chuoni wakati wa likizo. Anasema wataalamu wenyewe wamekubali juzi tu kwamba kitu hicho kipo, ingawa marubani walikuwa wakikisema miaka mingi wakachekwa, kama tulivyochekwa mimi na Kipkurui. Radi kubwa ikipiga chini, umeme hupanda pia juu, kilomita sitini, sabini, mahali ambapo hewa ni kidogo mno. Huko hukuta naitrojeni, gesi ile ile tunayoivuta kila siku. Ikitikiswa tu, huwaka nyekundu. Ikipigwa sana hadi ikanyang'anywa elektroni yake moja, ndipo hutoa ile bluu ya zambarau. Mtu aliye chini ya dhoruba haoni chochote, wingu limemfunika. Aliye mbali, mahali pa juu, penye giza, ndiye anayeona. Ndiyo maana ninyi hamkuona na sisi tuliona.

Nilimuuliza kama hiyo gesi iliyonyang'anywa hurudia hali yake. Akasema hurudi, ikishaokota elektroni nyingine yoyote, haichagui ilikotoka. Nilifikiria jambo hilo usiku kucha.

Mama Tecla alisikiliza yote akichambua mboga, kisha akasema kwamba elimu ni nzuri lakini watu hawatasomewa jarida. Akasema mimi ndiye mzee wa mvua, kila mtu hapa ananijua na kopo langu, basi niwaonyeshe. Nilikataa. Nilisema goti linaniuma. Akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu, akasema goti huuma kwenda mlimani, si kuzungumza. Yeye ni mjane aliyenipangisha chumba mwaka ambao kunipangisha kulimtenga na ndugu zake. Siwezi kumnyima kitu. Nikakubali, na sikumwambia sababu ya kukataa kwangu.

Basi jioni ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano, tulikwenda kwenye mgongo wa kilima nyuma ya kanisa. Upande wa ziwani alikuja Dorcus na wanaume wanne wa kiwanda. Upande wa wenyeji alikuja Kiptum na watatu wa rika lake, pamoja na naibu wa chifu aliyekaa katikati na mwavuli wake kama nguzo ya mpaka. Siku ya kwanza walisimama mbali mbali hivi kwamba ilinibidi nipaze sauti kama mhubiri.

Niliwafundisha kama nilivyofundishwa. Nyoosha mkono, pima kwa vidole kutoka ukingo wa ardhi. Hesabu kwa sauti tangu mwanga unapotokea hadi unapozimika. Niliwaambia moto na mizizi hutofautiana kwa mambo matatu. Mizizi hukaa juu ya wingu, na kati yake na wingu kuna giza; moto umekaa juu ya ardhi. Mizizi huzimika kabla hujasema moja, moto hauzimiki. Mizizi haigusi kitu. Moto huangaza moshi wake mwenyewe kutoka chini, na unapumua. Siku ya pili iliota mizizi mitano. Kiptum aliona wa kwanza, akapiga kelele kama mtoto. Dorcus akamwambia, "Wewe kijana, kumbe una macho, nilidhani una panga tu." Kiptum akamjibu kwamba panga ni la kukatia matawi ya mchai, mama, na kwamba angetaka kukata watu angeanza na yule aliyempunja omena. Walicheka, wakiwa bado na woga. Siku ya tatu walisimama karibu karibu, wakibishana vidole: Dorcus vidole kumi na viwili, Kiptum kumi na tatu, na naibu wa chifu akasema mikono yao haina urefu mmoja.

Saa ile ile ndipo ulipotokea ule mwingine.

Ulikuwa kulia kwetu, mtelemko wa chini, umbali wa maili moja hivi. Rangi ya machungwa. Kidole sifuri. Nilianza kuhesabu bila kukusudia. Nilipofika kumi, wote walikuwa wamegeuka wananitazama, na naibu wa chifu akauliza, "Mzee Joab, na huo ni mizizi?"

Nilijua kwamba nikisema moto, watu tisa waliosimama pale watakuwa makundi mawili tena kabla sijafunga mdomo. Nilijua pia kwamba nikisema mizizi, wataniamini. Huo ndio woga niliokuwa nao tangu Mama Tecla aliponiomba; si goti. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu, "Huo ni moto. Huo ni moto, ondokeni!"

Wakakimbia. Wanaume wa kiwanda wakakimbilia kanisani, Kiptum na wenzake wakatelemka kuelekea motoni. Dorcus alikimbilia watoto wake, akaanguka mtaroni akavunjika mkono. Taa zilizimwa Kapsoit yote. Kwa muda wa saa nzima nilikaa juu ya kile kilima peke yangu na naibu wa chifu, yeye akisali kwa Kipsigis, mimi nikisali kwa Kijaluo, mpaka Kiptum aliporudi akiwa mweusi kwa masizi. Radi ilikuwa imepiga banda la nyasi kavu za ng'ombe la jirani anayeitwa Kipkemoi. Ndama wawili wamekufa. Hakuna mtu aliyeguswa. Wakati wa kuzima, wanaume wawili wa kiwanda walikuwa wametoka kanisani wakaleta ndoo, akasema, na hakuna aliyewauliza wametoka upande gani.

Wengine wamenilaumu. Dorcus ana plasta hadi kiwiko na ananiita mzee wa king'ora. Wenzake Kiptum wanasema nimewakimbiza watu kwa sababu ya ndama. Lakini usiku ule nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka mitano na miezi minane. Nililala bila viatu.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nakuja tangu mstari wa kwanza. Nelvine, mwanangu, najua sauti yako itataka kukatika. Usiache kusoma. Mama yako anastahili kuyasikia, na wewe pia, maana ni baba yako.

Eddah, jioni ile ya Machi 1992, kule shambani Londiani, ulipokuwa umeshuka Ahero kumuuguza mama mkwe wako na Nelvine akiwa bwenini, mimi na Jonah tulikuwa tukila nje. Kulikuwa na umeme mbali upande wa ziwa. Na nyuma ya kilima, mkono wa kulia, kulikuwa na mwanga wa rangi ya machungwa. Jonah alisimama. Hakuuliza neno. Aliingia ndani akatoa baiskeli, akafunga juu yake blanketi, sufuria, na lile sanduku lako la vyeti, kwa kamba ya mkonge. Ng'ombe aliwafungulia mlango waende watakako. Nisikilize vizuri: aliwafungulia. Akaniambia, shemeji, twende kituo cha polisi usiku huu, haya mengine tutayatafuta.

Mimi niliunyoosha mkono wangu nikapima. Kidole sifuri. Nikahesabu hadi mia na ishirini, na mwanga haukuzimika. Nilijua, Eddah. Sikukosea. Watu watakwambia giza, umbali, uzee, usiwasikilize. Mtu aliyesoma anga miaka ishirini na sita alitazama nyumba za watu zikiungua, akajua ni nyumba, akamgeukia shemeji yake akasema: huo ni mwanga wa dhoruba ya ziwani, mizizi ile niliyokuhadithia, lala.

Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka kuhama. Nilikuwa nimehamishwa nikiwa mtoto, baba alipopoteza kazi na tukatolewa nyumba za laini za wafanyakazi kwa asubuhi moja. Nilihamishwa tena nilipostaafu, wakanipa wiki mbili. Lile shamba lilikuwa mahali pa kwanza ambapo hakuna mtu mwenye ufunguo isipokuwa mimi. Madaftari yangu ya mvua yalikuwa mle, miaka yote. Nilifikiri nikisema kwa sauti kwamba si moto, basi hautakuja. Na nilimhitaji Jonah abaki, ili nisibaki peke yangu.

Alinitazama. Akacheka kidogo, akasema, "Haya shemeji, wewe ndiye mwenye mbingu." Akafungua ile kamba. Niliona vidole vyake vikifungua fundo.

Yeye alilala. Mimi sikulala, nilijilaza na viatu miguuni. Wachomaji walipofika alfajiri, mimi nilikuwa tayari nimesimama, nilipita dirishani nikavuka kijito. Nilimwita mara moja, si mara mbili. Alikuwa akitafuta viatu vyake gizani.

Nilipofika Ahero siku ya tatu, ukaniuliza kwa nini hatukuondoka mapema, nikakujibu kwamba Jonah alikataa kwa ajili ya ng'ombe. Maneno hayo yalitoka yenyewe, na yakakaa. Umeyabeba kwa miaka mitano, ukamkasirikia mtu aliyekuwa amekwisha fungasha. Umemnyima jina lake kwa neno langu. Mara nyingi niliketi kukuandikia, na kila mara niliandika habari za mvua.

Sikuombi chochote kwa ajili yangu. Ukitaka nisikanyage tena kwako, mwambie Nelvine aandike mstari mmoja, nitaelewa. Kuhusu mwezi wa Desemba na uchaguzi wake, sijui kutakuwa na nini. Mizizi bado inaota juu yenu karibu kila jioni, na wengine hapa bado wanatoka kuhesabu, Dorcus kwa mkono mmoja. Mbingu naweza kuwasomea. Watu siwezi, na nimewaambia hivyo. Kifurushi changu kimefungwa, kipo nyuma ya mlango, na wakiniuliza tena nitasema ninachokiona.

Lakini yule mtoto asingoje Desemba. Jioni hii, au jioni ya siku mtakayopata barua hii, atakapoanza kulia, mchukueni mumtajie jina la babu yake, mumtajie kwa sauti. Akinyamaza, niandikieni. Asiponyamaza, niandikieni pia.

Mama Tecla anawasalimu na anauliza kama mmepata mahali pa kuweka kuku maji yasiwafikie. Chepchirchir anamsalimu Nelvine, ingawa hawajuani. Nisalimie mama mkwe wako kama bado anasikia, na wote wa nyumba hiyo, wakubwa na wadogo, na huyo mdogo kuliko wote.

Ni mimi, kaka yako,
Joab Owiti